Hatua Mia Nne za Mchanga

Ijumaa. Ukungu umeng'ang'ania mikorosho tangu alfajiri, na sasa ni saa kumi na mbili jioni haujaondoka. Kanga mbili nilizofua jana bado mbichi kwenye kamba. Nina hasira na kanga, nina hasira na ukungu, nina hasira na kila mtu aliyenipa pole leo kwa sauti ya upole.

Kesho ni arobaini ya mdogo wangu Yustino.

Mimi ndiye niliyewaambia watu amekufa. Alikuwa hajafa.

Nimeyaandika maneno hayo nikaenda jikoni kunywa maji, nikarudi nikayakuta yapo palepale. Basi niendelee. Huu ukurasa wangu wa mtandaoni nimeujaza miaka yote kwa malalamiko yangu juu ya ukosefu wa maji Newala, wanafunzi watoro na wakwe wa watu. Leo zamu yangu.

Kwa asiyenijua: mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Makote, juu ya uwanda wa Newala, lakini nimezaliwa Masasi, chini ya ile milima ya mawe. Baba yetu alikuwa mpasua kokoto. Tumekula, tumesoma na tumevaa sare kwa kokoto. Jabali likiwa kubwa, baba alikuwa anawasha moto chini yake mpaka lipasuke, kisha sisi watoto tunagawana pande, Yustino huku, mimi kule, kila mmoja na nyundo yake. Hatukuweza kuonana. Jiwe likibingirika upande wa mwenzako, huna habari. Kwa hiyo baba alitufundisha kugonga. Mara tatu, maana yake nipo. Mwenzako anajibu mara tatu. Granaiti ya Masasi ni ya kale, ni baridi na imeshikana, ukigonga huku unaisikia kule kwenye nyayo kabla haijafika masikioni.

Na kulikuwa na sheria moja ambayo baba hakuwa na mchezo nayo. Ukigonga usijibiwe, tupa nyundo, kimbia ukatazame.

Naomba msomaji aikumbuke hiyo sheria. Mimi niliisahau.

Yustino alioa hapa Makote. Mimi ndiye niliyemtafutia mke, binti mpole wa Kimakonde aliyekuwa anaimba kwaya, na kama ilivyo desturi ya huku mdogo wangu alihamia kwa wakwe. Alikuja na begi moja na ile nyundo ya baba. Mashemeji zake walimcheka wakachoka. Huku juu hakuna jiwe la kumpiga mjusi, ni mchanga mwekundu tupu, unachimba mpaka unakata tamaa na bado ni mchanga. Wakamwita Fundi Mawe. Yeye akacheka nao, akageuka mchimba visima. Si visima vya chemchemi, huku chemchemi iko bondeni kabisa. Ni vile vya kuvuna maji ya mvua, vinavyochimbwa kama mtungi: shingo nyembamba, tumbo pana, kisha unapiga saruji ndani na kuelekeza mifereji ya bati. Nyundo akaendelea kuzunguka nayo. Nilimwuliza siku moja ya nini. Akasema bila nyundo anajiona yuko uchi.

Sasa mashine.

Mwaka juzi walikuja wataalamu wa chuo kikuu kutega mashine za kusikiliza matetemeko. Moja waliiweka Masasi juu ya jabali, nyingine wakaifukia hapa, nyuma ya ofisi ya walimu, wakanikabidhi niitunze kwa sababu nilikuwa nauliza maswali mengi. Watoto wanaiita Sikio. Nilijivuna nayo mno, niseme ukweli. Nilikuwa nafungua kompyuta mbele ya walimu wenzangu na kusema, tazameni, hili ni tetemeko la ng'ambo ya bahari, limepita chini kabisa kwenye tumbo la dunia na limetufikia Makote. Wenzangu walikuwa wanaitikia kwa adabu na kuendelea kula mihogo.

Walioleta mashine hizo walitaka kujua kitu kimoja: mawimbi yanapotelea wapi. Tetemeko lilelile likisikika Masasi linakuja kali, lina ncha. Likifika huku linakuja zito, limechoka. Binti mmoja mtaalamu, nitamwita Rehema, alinieleza vizuri nami nikawaeleza kidato cha tatu vizuri zaidi. Mwamba mgumu na baridi unapitisha wimbi. Mwamba wenye nyufa unalitawanya. Chini kabisa, kule ambako mawe yana joto la kukaribia kuyeyuka, wimbi linapungua nguvu kila linapopita, nguvu yake inageuka joto na kuishia humohumo. Na mchanga mlegevu ndio mlafi kuliko wote, kila punje inasuguana na mwenzake na kila msuguano unachukua kidogo. Mtetemo wa harakaharaka, kama wa nyundo, unakufa kwanza. Ule mzito wa polepole, kama wa tetemeko la mbali, unabaki. Ndiyo maana Sikio lilikuwa linasikia ng'ambo ya bahari.

Nilileta hata gunia la korosho darasani. Nikagonga sakafu, wakasikia. Nikagonga gunia, hawakusikia kitu. Nikaandika ubaoni kwa chaki ya rangi: KUTOSIKIA SI DALILI KWAMBA HAKUNA MGONGAJI.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Yustino alifukiwa Alhamisi. Maneno yalikuwa bado ubaoni.

Alikuwa anamchimbia mama mkwe wake. Mvua zilikuwa zimeshaanza na udongo wa juu umelowa, kila mtu alijua si wakati wa kuchimba, lakini yule mama alisema hawezi kumaliza mvua nyingine akiangalia maji ya bati yake yakipotelea uani halafu ananunua ya madumu. Wiki mbili nilimchukia yule mama kwa moyo wangu wote. Ilinisaidia sana. Nilikuwa namwamkia shikamoo huku nikimtakia mabaya.

Saa tatu asubuhi shingo ya kisima iliporomoka. Nilikuja mbio kutoka shuleni, ni hatua mia nne, nimezihesabu mara nyingi baadaye. Nikawakuta mashemeji zake watatu wanachimba kama vichaa, na kila wanachotoa kinarudi. Karibu saa sita yule mdogo wao, Hamisi, alizama mpaka kifuani, wakamvuta kwa kamba akitapika mchanga. Mama mkwe akaanza kupiga yowe kwamba atapoteza na mwanawe pia. Wanaume wakasimama. Wakaniangalia mimi.

Kwa nini mimi? Kwa sababu mimi ni Mwalimu, mimi ni dada wa marehemu mtarajiwa, na mimi ndiye mwenye Sikio.

Nikawaamuru wote wakae kimya, hata watoto wachanga wapelekwe mbali. Nikakimbia hatua mia nne nikafungua kompyuta. Mstari ulikuwa unatetemeka kidogo tu, ule mtetemo wa kila siku wa upepo kwenye mikorosho. Nikautazama kwa dakika kumi. Hakuna kitu. Nikarudi, nikalala kifudifudi juu ya ule mchanga, nikaweka sikio kama alivyotufundisha baba. Hakuna kitu.

Sikugonga. Hata mara moja. Nyundo ilikuwa chini kwake, lakini koleo lilikuwepo, mchi ulikuwepo, ngumi zangu zilikuwepo.

Nikasimama nikajikung'uta gauni. Nikasema, kwa ile sauti yangu ya darasani: "Huyu ni mtoto wa Masasi. Angekuwa hai angegonga. Na angegonga ningesikia. Msiue mtu wa pili kwa ajili ya maiti."

Maiti. Mimi mwenyewe nililitamka.

Mke wake alikuwa amekaa chini, amejifunika kanga. Hakulia. Aliinua uso akaniangalia, kisha akauinamisha. Kisima kikafunikwa turubai. Kesho yake, Ijumaa, wakaleta mbao za kuzuia kingo, wakaanza taratibu saa tatu, wakamfikia saa tisa. Saa sita za kazi. Nilipowasimamisha Alhamisi, mbao zilikuwa zimelala uwanjani kwa jirani na mwanga wa kutosha kazi hiyohiyo ulikuwa bado upo.

Walipomtoa nilikataa kumwona. Nikasema nataka kumkumbuka alivyokuwa. Watu wakaniona nina moyo mwororo.

Tumbo la kisima halikuwa limejaa. Shingo tu ndiyo iliyoziba. Waliomtoa walisema kwamba kulikuwa na nafasi ya mtu kukaa, na nikajibu haraka kwamba mchanga ulimpiga kichwani akafa palepale. Nani atabishana na Mwalimu?

Siku arobaini zimepita nikiwa mtu mwema. Hamisi ananiita mama yake wa pili. Yule mama mkwe ananiletea kisamvu. Padri alinitaja kwenye mahubiri. Nami nimepokea yote, nimekula na kile kisamvu.

Leo saa nne asubuhi Rehema, aliyechukua diski ya Sikio wiki iliyopita kwenda kuichambua Dar, akapiga simu.

"Shikamoo Mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Hivi hapo shuleni kwenu kuna watu walikuwa wanatwanga?"

Nikamuuliza lini. Akanitajia siku. Akasema amekuwa akilinganisha Masasi na Makote, na ile siku ya Alhamisi Makote imemharibia kazi. Kwa macho tu huoni, lakini akichuja upepo kinatokea kitu hafifu sana, kinajirudia. Mara tatu, kinanyamaza. Mara tatu, kinanyamaza.

"Kinaanza saa tatu na nusu asubuhi," akasema, "na kinaendelea, kinaendelea, mpaka Ijumaa saa mbili kasoro. Huyo mtwangaji alikuwa hachoki?"

Akacheka. Binti wa watu hana kosa, hajui.

Ijumaa saa mbili kasoro sisi tulikuwa tunakunywa uji uwanjani. Nakumbuka nililalamika kwamba sukari haitoshi.

"Ni kelele tu eti, Mwalimu? Nifute?"

Ningeweza kusema mambo mengi. Nikasema, "Futa."

Nikarudi darasani nikafundisha kidato cha pili vipindi viwili. Nilichora ramani ya mito bila kukosea. Nilimtoa nje mtoto aliyekuwa anasinzia. Mtu anaweza kufanya hivyo, nawaambieni, anaweza akatoka kumzika ndugu yake mara ya pili na akasahihisha madaftari.

Saa tisa miguu ikanipeleka kwa wifi yangu. Nilikuta anapepeta mchele wa kesho. Kisima kimefukiwa, juu yake ameotesha maboga. Akanikaribisha kigoda, akaniuliza habari za shule, kama kila siku. Kila siku kwa siku arobaini huyu mwanamke amenikaribisha kigoda na kuniuliza habari za shule.

Nikamwambia yote. Simu, mara tatu tatu, saa mbili kasoro. Nililia, ndiyo, na nilitaka anione ninalia.

Hakuacha kupepeta.

"Najua, wifi," akasema.

Nikamuuliza anajua nini.

"Mtaimbo ulikuwa mpya. Aliununua Masasi Jumamosi, ulikuwa bado una rangi. Ulipotoka shimoni kichwa chake kimebondeka chote. Aliuchomeka ukutani akawa anaugonga kwa nyundo." Akatoa chuya, akaitupia kuku. "Na viganja. Unajua viganja vya Yustino vilivyokuwa. Ngozi ngumu ile. Ilikuwa imebanduka."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nakungoja uje mwenyewe. Nikasema wifi yangu ana akili, amesoma, atajua tu. Kila ukija nasema leo atasema. Unakula, unaondoka."

Nikayatazama yale maboga.

"Aliniambia habari za nyumbani kwenu," akaendelea, kwa sauti ileile ya chini ya kuuliza habari za shule. "Kwamba baba yenu aliwafundisha, usipojibiwa unakimbia kwenda kutazama. Alinisimulia kwa fahari. Siku ile ulipolala pale juu nikasema haya, sasa atagonga amjibu. Ukainuka ukajikung'uta."

Kisha akaweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza tangu tuzike uso wake ulibadilika, ukawa wa yule binti wa kwaya niliyemtafutia mdogo wangu.

"Hizo sauti zipo? Kwenye hiyo mashine ya huyo binti. Mtu anaweza kuzisikia?"

Nikasema pengine.

"Mpigie, wifi. Nataka nimsikie. Hata hafifu. Upendo naye amsikie baba yake, akikua." Upendo ni binti yao, ana miaka mitatu.

Nilijua nilichosema saa nne asubuhi. Nikatumaini uvivu wa Rehema, nikatumaini umeme umekatika Dar, nikatumaini chochote. Nikapiga. Wifi akasogea, akabonyeza spika mwenyewe.

"Rehema mwanangu, kile kipande cha Alhamisi..."

"Ah, usijali Mwalimu! Nimeshafuta kama ulivyosema. Na diski nimeisafisha kabisa ili irudi Makote Jumatatu. Mstari wa kwenu sasa umenyooka, unapendeza."

Wifi yangu aliisikiliza simu mpaka ikakatika. "Kama ulivyosema." Aliyarudia hayo maneno taratibu, si kwa kuniuliza. Kisha akachukua ungo wake.

Nilipiga magoti. Sijawahi kumpigia magoti mtu mdogo kuliko mimi. Nikamwambia kesho nitasimama mbele ya watu wote niseme, anifanye atakavyo, wakitaka wanifukuze Makote.

"Huwezi kusema," akajibu. "Mama yangu ndiye aliyemwambia achimbe. Akisikia kwamba alikuwa hai atakufa. Na Hamisi atajiua, maana alikuwa wa kwanza kuacha koleo. Unataka kutua mzigo wako juu ya vichwa vya ndugu zangu? Hapana, wifi. Kesho utakaa kiti cha mbele, pembeni yangu. Mzee wa kanisa atakushukuru kwa kuwaokoa watu. Mimi nitasimama nikuvishe kanga mpya, nimeshainunua. Na wewe utasema asante."

Nikamuuliza mpaka lini.

"Habari za shule nitaendelea kukuuliza," akasema.

Nilipofika njiani Upendo akanikimbilia, ametumwa. Alikuwa anaburuta kitu kwa mikono miwili, kinaacha mfereji kwenye mchanga. Nyundo ya baba. "Amesema mama, shangazi uchukue, ni ya kwenu."

Nyundo iko hapa mezani, pembeni ya kompyuta. Mpini una alama nyeusi pale vidole vilipokuwa. Nimejaribu kuweka vyangu, haviingii sawasawa.

Sitayachapisha haya mpaka yule mama na Hamisi wawe wametangulia. Kama unayasoma, ujue wametangulia, na ujue ni miaka mingapi nimeulizwa habari za shule.

Kabla ya kukaa kuandika nilitoka nyuma ya nyumba, nikashika ile nyundo nikagonga chini mara tatu. Mchanga ukatoa sauti ndogo ya kibubu. Nikangoja. Nikagonga tena mara tatu, nikangoja mpaka ukungu ukanilowesha mgongo, kisha nikaingia ndani kupiga pasi gauni.

Kesho kiti cha mbele. Nitasema asante.